Tovuti rahisi kwa mgeni: mwongozo kwa vikundi, madrasa na biashara zetu za Pwani

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilijitolea kuitengenezea tovuti jumuiya moja hapa Mombasa, jumuiya ndogo inayosaidia watoto wa mitaani kwetu kulipa karo. Kazi niliifanya usiku, baada ya isha, na sikutaka malipo. Ilipokamilika tuliizindua kwa chai na mahamri. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha tano kubwa zikipishana, salamu za mwenyekiti zenye aya sita, na picha za wanakamati wote wakiwa wamevaa kanzu na koti. Kila mtu aliipongeza, nami kichwa kikavimba.

Kisha ukaja msimu wa basari. Fomu za kuomba msaada tuliziweka kwenye tovuti na tukatangaza kuwa mwisho ni Ijumaa. Jumatatu iliyofuata akaja ofisini mama mmoja kutoka Likoni. Alikuwa amevuka feri asubuhi na mapema.

"Mwanangu, nimetafuta hiyo fomu siku mbili mpaka bando langu likesha. Iko wapi?"

Nikafungua tarakilishi ya ofisini, nikabonyeza mara tatu, fomu ikatokea. "Si hii hapa, mama?"

Akaitazama, akanitazama. "Hapo mwaiona nyinyi mulioiweka."

Kamati ilishikilia kanuni: tarehe imepita. Mwanawe alikaa nyumbani wiki tatu za mwanzo wa muhula mpaka jamaa wakachanga. Sikumlaumu mama yule hata kidogo. Fomu niliizika mimi, ndani ya menyu niliyoiita "Rasilimali", chini ya neno "Vipakuliwa". Ilikuwa karatasi iliyopigwa picha na kugeuzwa PDF yenye uzito wa megabaiti 9, kwa Kiingereza kitupu.

Tangu siku hiyo nimejifunza upya kazi hii. Makala haya ni muhtasari wa niliyojifunza, kwa ajili ya kikundi cha kina mama, madrasa, zahanati, nyumba ya wageni ya Lamu au duka la vitambaa la Mombasa linalotaka tovuti. Si lazima uwe fundi ili kuyaelewa. Hata kama utamlipa mtu akufanyie, utajua la kumuuliza.

Tovuti ilizaliwa nyepesi

Yafaa kukumbuka tulikotoka. Tovuti ya kwanza duniani iliwekwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, Geneva, nchini Uswisi. Watu wa nje walitangaziwa mnamo Agosti 1991. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatoa uvumbuzi huo bure kwa ulimwengu mzima, mtu yeyote autumie bila kulipa. Ukurasa ule wa kwanza ulikuwa maandishi na viungo tu: unasoma, unabonyeza neno, unakwenda ukurasa mwingine. CERN waliurudisha hewani mwaka 2013, na hata ukiufungua kwa simu ya bei ya chini wasomeka.

Uzito wote ulioongezeka baadaye tumeuongeza sisi: picha zinazokimbia, vidirisha vinavyochomoza, muziki unaoanza wenyewe. Vingine vina kazi, vingi havina.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Nyaya kubwa za chini ya bahari zilizoiunganisha Kenya na ulimwengu zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM pia. Kabla ya hapo mawasiliano ya nchi nzima yalitegemea setilaiti. Lakini waya kupita mlangoni si sawa na waya kuingia nyumbani. Wengi wetu twaingia mtandaoni kwa simu, kwa bando la kupimwa. Kila megabaiti unayomtupia mgeni, yeye ndiye anayeilipia.

Anza kwa kumjua mgeni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutengeneza tovuti kwa ajili ya kamati. Kamati tayari yaijua jumuiya. Asiyeijua ni mgeni, na tovuti ni yake.

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nyumba ya Kiswahili ina baraza nje, kisha daka, kisha ndani. Anayepita hupumzika barazani na kupata haja yake bila kulazimika kujua kila chumba. Ukurasa wa kwanza wa tovuti uwe hivyo.

Kabla hujagusa tarakilishi, chukua karatasi na uandike watu watatu au wanne watakaokuja na swali ambalo kila mmoja atakuja nalo. Sisi tulipoandika upya tulipata hawa:

- Mzazi: "Msaada wa karo waombwaje, na mwisho ni lini?"
- Mfadhili, mara nyingi jamaa aliye Muscat, Dubai au Uingereza: "Nitumeje mchango, na nitajuaje umefika?"
- Mwalimu mkuu wa shule: "Hundi ya mwanafunzi wangu imetoka?"
- Mtu wa mtaani: "Ofisi iko wapi na hufunguliwa saa ngapi?"

Hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza salamu za mwenyekiti. Hatukumvunjia mzee heshima yake, tulizihamishia salamu kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi". Ukurasa wa kwanza ukabaki na majibu ya maswali manne, kila moja na kiungo chake. Kama wewe una nyumba ya wageni, maswali yatakuwa bei, vyumba, namna ya kufika na nambari ya simu. Kama ni zahanati, ni siku za kliniki, huduma zilizopo na gharama. Jibu la swali linaloulizwa zaidi likae juu kabisa, mahali mgeni ataliona bila kusogeza ukurasa.

Majina ya menyu

Menyu yenye vitu vitano au sita yatosha kikundi kidogo. Kila jina liwe neno ambalo mgeni mwenyewe angelitumia akiuliza mtaani. "Rasilimali" ni neno la ripoti. Mzazi hatafuti rasilimali, atafuta fomu. "Suluhisho zetu" haisemi kitu, "Bei za vyumba" yasema.

Steve Krug, Mmarekani aliyeandika kitabu maarufu kuhusu jambo hili mwaka 2000, alilifanya wazo moja kuwa jina la kitabu chake: usinifanye nifikiri. Maana yake, mgeni akifika asisimame kujiuliza hiki ni kitufe au pambo, hili neno lamaanisha nini, nirudi vipi nilikotoka. Kila anaposimama, unampoteza.

Kanuni ndogo ndogo hapa zasaidia sana. Jina la kikundi liwe juu ya kila ukurasa, na ukilibonyeza likurudishe mwanzo. Menyu isibadilike mahali pake kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kiungo kionekane ni kiungo, kwa rangi na mstari chini yake. Na usiandike "bonyeza hapa". Andika "Pakua fomu ya msaada wa karo", mtu ajue anakwenda wapi kabla ya kubonyeza.

Lugha, saa na tarehe

Hapa ndipo tovuti zetu nyingi hujikwaa. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini fungua tovuti za vikundi vya Pwani uone ni ngapi zimeandikwa kwa lugha inayosemwa barazani. Kama wateja wako ni watalii, Kiingereza kina nafasi yake. Kama ni kina mama wa Likoni, Kisauni na Mtongwe, basi Kiswahili kitangulie, na kiwe Kiswahili cha kawaida. Sentensi fupi, jambo moja kila aya.

Fundi wako akumbuke pia kuitambulisha lugha ndani ya HTML. Alama ya Kiswahili ni "sw". Bila alama hiyo, programu za kuwasomea wasioona hulitamka neno "mwanafunzi" kwa matamshi ya Kiingereza, na brauza huweza kujitolea kumfasiria msomaji maandishi asiyohitaji kufasiriwa. Mwenye sehemu za Kiarabu, kama madrasa, aweke alama ya maandishi yanayokwenda kulia kushoto, la sivyo nukta na nambari zitaruka mahali pasipo pake.

Kisha kuna saa. Sisi twahesabu saa kutoka macheo na machweo, simu na tiketi zahesabu kutoka usiku wa manane. Ukiandika "Ofisi hufunguliwa saa 2:00", mzee wa Mji wa Kale ataelewa asubuhi, na kijana aliyezoea simu ataelewa alasiri. Nimewahi kuona watu wakifika kwenye kikao tofauti ya saa sita kwa sababu hiyo. Andika zote mbili: "saa mbili asubuhi, yaani 08:00". Tarehe nayo usiandike 04/05, kwani Mmarekani aisoma Aprili na sisi twaisoma Mei. Andika "4 Mei" na mwaka wake.

Nambari za simu ziandikwe na +254 mwanzo, ziwe viungo vinavyopiga simu vikibonyezwa. Jamaa aliye Muscat akipiga 07 hapati mtu. Nambari ya M-Pesa ya kupokea michango iwe maandishi, si picha, ili mtu ainakili bila kukosea tarakimu. Na iandikwe mahali pamoja tu panapojulikana, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mtumaji, ili asitapeliwe na nambari ya bandia inayosambazwa kwenye WhatsApp.

Uzito wa ukurasa

Tufanye hesabu, maana hapa watu hubishana bila kupima. Megabaiti moja ni megabiti 8. Simu yenye kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo si ajabu jioni watu wote wakiwa mtandaoni, huhitaji sekunde 8 kushusha megabaiti moja. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na picha tano za megabaiti 4 kila moja. Hizo ni megabaiti 20, yaani sekunde 160, karibu dakika tatu. Fomu ya megabaiti 9 ni sekunde 72 zaidi. Mama yule alikuwa akinunua picha za kamati kwa bando lake kabla hajafika kwenye fomu.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa Kidenmaki wa matumizi ya mitambo, alieleza mwaka 1993 vipimo vitatu vya subira ya binadamu ambavyo bado vyatumika. Jambo likitokea ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huhisi ni papo hapo. Likifika sekunde moja, huona kuna kusubiri lakini mawazo hayakatiki. Likipita sekunde 10, akili yake huenda kwingine.

Dawa yake si ngumu:

- Picha ya simu ya kisasa huwa na megabaiti 3 hadi 5. Ipunguze upana hadi pikseli 1,200 kabla ya kuipandisha, na uihifadhi kama JPEG au WebP. Aghalabu itashuka chini ya kilobaiti 200, na kwenye simu hutaona tofauti.
- Kila picha iulize kazi yake. Picha ya chumba cha wageni yauza chumba. Picha ya wanakamati wamesimama haimsaidii mzazi.
- Usiweke video inayoanza yenyewe, wala muziki.
- Maandishi yawe maandishi. Makala ya maneno elfu moja, yakiwa maandishi matupu, hayafiki kilobaiti 10. Tangazo lile lile likipigwa picha na kubandikwa, huwa zito mara nyingi zaidi, halitafutiki, halinakiliki, na asiyeona haliwezi.
- Usiskani fomu. Iandike upya iwe PDF safi au, bora zaidi, iwe fomu ya kujaza humo humo kwenye ukurasa.

Ukurasa wetu mpya una picha moja na hauzidi kilobaiti 300. Kwa kasi ile ile ya megabiti 1, wafunguka kwa sekunde mbili na ushei.

Kidole na kioo kidogo

Tengeneza kwa ajili ya simu kwanza, tarakilishi baadaye. Mwaka 2010 Ethan Marcotte, mbunifu wa Kimarekani, alieleza namna ya kufanya ukurasa mmoja ujipange wenyewe kulingana na upana wa kioo, na leo takriban kila kiolezo cha tovuti hufuata njia hiyo. Ukiona ukurasa unamlazimu mtu kuvuta kwa vidole viwili ndipo asome, jua fundi amesahau mstari mfupi wa HTML uitwao "viewport". Mwambie auweke.

Herufi za kawaida zisipungue pikseli 16. Vitufe viwe vikubwa vya kutosha kidole gumba: Apple wapendekeza pointi 44, Google 48. Vitufe viwili visibanane, hasa "Tuma" na "Futa".

Wasioona vizuri, na jua la Pwani

Kuna mwongozo wa kimataifa uitwao WCAG, unaotolewa na shirika la viwango vya wavuti, W3C. Toleo la kwanza lilitoka 1999, na la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Una mengi, lakini kikundi kidogo kikishika haya manne kitakuwa kimefanya jambo kubwa.

Kwanza, tofauti ya rangi. Mwongozo wataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Manjano juu ya nyeupe ni kama 1 kwa 1, yaani hakuna kitu. Kijivu hafifu ambacho mafundi wakipenda hushindwa mtihani huu. Pili, kila picha yenye maana iwe na maelezo mafupi yaliyofichwa ndani ya HTML, ili programu ya kusomea wasioona iyatamke. Tatu, usitegemee rangi peke yake. Usiseme "sehemu nyekundu ni za lazima", andika neno "lazima". Nne, vichwa viwe vichwa vya kweli vya HTML, si maandishi yaliyonenepeshwa tu, kwa sababu asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama sisi tunavyotupa macho.

Haya si hisani kwa wachache. Tofauti ya rangi inayomfaa mzee mwenye mtoto wa jicho ndiyo inayomfaa mvuvi anayesoma simu ufuoni saa saba mchana.

Fomu na siri za watu

Fomu yetu ya zamani iliuliza mambo 31. Dini, kabila, kazi ya babu, kila kitu. Nilipomuuliza katibu tunayatumia wapi, akacheka: "Tuliinakili kutoka fomu nyingine." Tukabaki na mambo 9.

Kupunguza maswali kunamrahisishia mgeni, na pia ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 yataka anayekusanya habari za mtu akusanye zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa, na amweleze mhusika kwa nini anazikusanya. Habari za mtoto zahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Msimamizi wa sheria hii ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa hiyo madrasa na vikundi vya karo tuwe waangalifu hasa: orodha ya majina ya watoto waliopewa msaada, na picha zao wakipokea hundi, si mapambo ya tovuti. Mtoto yule atakuwa mtu mzima siku moja, na picha ile ya umaskini wake itakuwa bado iko mtandaoni. Sisi twatangaza idadi na shule tu. Kila mzazi hupata jibu lake kwa ujumbe wa simu.

Fomu ikikataa, iseme kwa nini na wapi. "Kuna hitilafu" haisaidii. "Nambari ya simu imepungua tarakimu moja" yasaidia. Na mtu asipoteze alichokwisha kuandika kwa kosa moja.

Jina, ufunguo na nyumba

Majina ya tovuti yanayoishia .ke husimamiwa na KENIC, na huuzwa na mawakala walioidhinishwa. Biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, shule .sc.ke. Chagua jina fupi linaloweza kutamkwa kwa simu bila kulitaja herufi moja moja.

Jina lisajiliwe kwa jina la kikundi na kwa barua pepe ya kikundi. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona mara nyingi: kijana wa mtaani anaanzisha tovuti kwa barua pepe yake, anapata kazi Qatar, anaondoka na nenosiri. Mwaka ukiisha jina halilipiwi, linakatika, na kikundi kinaanza upya. Nenosiri lihifadhiwe na watu wawili wa kamati, na tarehe ya kulipia jina na seva iandikwe kwenye kitabu cha mweka hazina.

Hakikisha anwani inaanza kwa HTTPS, inayoficha mawasiliano kati ya simu na seva. Tangu 2015 Let's Encrypt hutoa cheti chake bure, na tangu Julai 2018 brauza ya Chrome huionya hadharani kila tovuti isiyo nacho. Ukiombwa pesa nyingi kwa kitu hiki, uliza maswali.

Jaribu kwa watu watano

Hii ndiyo sehemu ambayo lau ningeifanya mwanzo, mtoto yule asingekaa nyumbani. Nielsen na mwenzake Thomas Landauer walikokotoa kuwa mtumiaji mmoja hufichua takriban asilimia 31 ya matatizo ya muundo, na watano hufichua kama asilimia 85. Ushauri wake wa mwaka 2000 ni kuwa badala ya jaribio moja kubwa, ufanye madogo kadhaa, watu watano kila mara, ukirekebisha katikati.

Namna yake: mpe mtu simu, ikiwezekana simu yake mwenyewe na bando la kawaida, si waifai ya ofisi. Mpe kazi moja, kwa mfano "Tafuta mwisho wa kuomba ni lini". Kisha nyamaza. Usimwelekeze, usijitetee. Andika anaposimama, anapobonyeza pasipo, anapokunja uso. Mficha uchi hazai. Usipokubali tovuti yako ionekane kasoro zake, haitazaa kitu.

Tulipoijenga upya nilijaribu kwa watu watano. Wa kwanza nilimwendea Likoni: mama yule yule. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Aliipata fomu, lakini akachelewa, kwa sababu mimi niliandika "Basari" na yeye alikuwa akitafuta neno "karo". Tukabadilisha kichwa kikawa "Msaada wa karo". Mwalimu mstaafu akashindwa kusoma kijivu cha tarehe. Mvuvi, juani, akashindwa na zaidi ya hiyo. Msichana wa kidato cha nne akabonyeza picha mara tatu akidhani ni kitufe. Binamu yangu aliye Muscat akapiga simu ikakataa, ndipo nikakumbuka +254. Matatizo manne niliyapata kwa siku mbili, bila gharama ila nauli na soda. Yote manne nilikuwa siyaoni, kwa sababu niliiweka mimi.

"Lakini WhatsApp yatosha"

Naulizwa sana: kwani tovuti ya nini, watu wote wako Facebook na WhatsApp? Hoja hii ina nguvu. Kikundi chenye watu thelathini wanaojuana hakihitaji tovuti. WhatsApp ni nzuri kwa habari ya leo. Lakini tangazo la wiki mbili zilizopita liko chini ya salamu mia tatu za asubuhi, na asiyekuwa kwenye kundi halioni kabisa. Tovuti ni mahali pamoja ambapo jibu linakaa. Vyema ni kuvitumia vyote: tangaza kwenye WhatsApp kwa sentensi moja, kisha uweke kiungo cha ukurasa wenyewe.

Tovuti iliyoachwa, hata hivyo, ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Ukurasa unaosema "mwisho wa kuomba" bila mwaka, au wenye nambari ya katibu aliyeacha kazi, humdanganya mgeni. Teua mtu mmoja aipitie kila mwezi kwa nusu saa. Kilichopita kiondolewe au kiandikwe wazi kuwa kimepita. Chini ya kila ukurasa weka tarehe ya marekebisho ya mwisho.

Kabla hujaitangaza

Jiulize haya, na ukijibu "la" hata kwa moja, ngoja kwanza:

1. Mgeni ataona jibu la swali kuu bila kusogeza ukurasa?
2. Ukurasa wa kwanza hauzidi megabaiti moja?
3. Wasomeka kwenye simu ya bei ya chini, juani?
4. Maneno ya menyu ni maneno ya watu wa mtaani?
5. Saa, tarehe na nambari za simu hazina utata?
6. Fomu yauliza yale tu mtakayoyatumia?
7. Watu wawili wana nenosiri?
8. Watu watano wasio wa kamati wameijaribu?

Msimu wa basari uliofuata mama wa Likoni hakuvuka feri. Fomu yake iliingia Jumanne usiku, siku tatu kabla ya mwisho, na katibu akampigia kumjulisha imefika. Mwanawe sasa yuko kidato cha tatu. Zile wiki tatu za mwanzo hazikurudi, na sijazisahau.